"Mali ikiuzwa hairudishwi": bati likiwa jembamba kuliko geji iliyolipiwa, mnunuzi amebanwa kweli?

#1 MpimaBati
Salaam wakuu. Naomba hili tulichambue kwa sheria na kwa vipimo, tusiishie kulaumu.

Duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, Tanga. Mnunuzi kaomba mabati ya rangi, geji 28, futi 10, idadi 60. Ankara imeandikwa hivyo hivyo, risiti ya EFD ipo. Mabati 22 yameshapigwa paani huko Pongwe ndipo fundi akatia shaka, kwa sababu bati linabonyea mtu akikanyaga kati ya papi na papi (mbao zinazopigiliwa bati). Maikromita imesoma milimita 0.30 pamoja na rangi. Yaliyobaki 38 yako chini, hayajaguswa.

Duka linajibu kwamba bango liko ukutani na nyuma ya ankara pana muhuri: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Je, maneno hayo yanafuta kila haki? Na hayo 38 yanaweza kurudi?

#2 Kikale
Imekwisha hiyo. Kaona, kalipa, kabeba. Mnunuzi ajihadhari, ndiyo kanuni tangu enzi za mababu. Mtu hapimi bati dukani halafu anakuja kulia akiwa juu ya paa?

#3 Kifungu16
Kikale, kanuni hiyo ipo ila imetobolewa matundu manne makubwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 14 hadi cha 17, inaingiza masharti ndani ya mkataba hata kama hakuna aliyeyatamka:

14: muuzaji ana haki ya kuuza mali hiyo.
15: mali iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake.
16: ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji huku akitegemea ujuzi wake, na iwe na ubora wa kuuzika.
17: iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli.

"Geji 28" ni maelezo, kwa hiyo tuko kwenye 15. Hapo kuona kwa macho hakumwokoi muuzaji, maana unene wa bati hausomeki kwa jicho. Kukagua kunamwumiza mnunuzi zaidi kwenye ubora wa kuuzika, tena kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua.

Mfano wa Uingereza, 1933, Arcos dhidi ya Ronaasen: mbao za kutengenezea mapipa ziliagizwa za unene wa nusu inchi. Nyingi zilizidi kidogo, na bado zilifaa kwa mapipa. Mnunuzi akazikataa zote kwa sababu bei sokoni ilikuwa imeshuka, na mahakama ya juu kabisa kule ikamkubalia. Maelezo ni maelezo.

#4 FundiPaa
Kabla hamjafika mahakamani, tuweke kipimo sawa. Geji ni namba tu, na jedwali ni zaidi ya moja. Kwa jedwali la Birmingham geji 28 ni milimita 0.356, geji 30 ni 0.305, geji 32 ni 0.229. Kwa jedwali la Kimarekani la bati la zinki geji 28 inakaribia 0.47. Kwa hiyo muuzaji mjanja atauliza: geji 28 ya nani?

Upimaji nao una makosa yake. Usipime kwenye mkunjo, pima sehemu bapa. Ingia ndani sentimeta 3 hivi kutoka ukingoni, kwa kuwa ukingo hukandamizwa na kisu cha kukatia. Pima sehemu tatu kwa kila bati, na si chini ya mabati matano. Tena futa rangi kwanza kwa dawa ya kutolea rangi, usikwangue kwa msasa, msasa unakula zinki. Rangi ya pande mbili huweza kuongeza 0.03. Ukiitoa, hilo la MpimaBati lina chuma na zinki 0.27 tu. Kwa Birmingham hiyo haifiki hata geji 30 kamili. Chukua jedwali lolote utakalo, 28 haipo.

#5 MpimaBati
Asante FundiPaa. Vipimo vilifanywa na rangi yake, sehemu moja kila bati. Vitarudiwa.

#6 MwanaRaskazone
Kuhusu muhuri wa nyuma ya ankara: ulitolewa lini? Mkataba wa dukani hukamilika pale bei inapokubaliwa. Karatasi unayokabidhiwa baada ya hapo haiwezi kuongeza sharti jipya kwa mlango wa nyuma. Uingereza 1940, Chapelton dhidi ya Barry: mtu kakodi kiti cha turubai ufukweni, kapewa tiketi yenye maneno ya kujikinga nyuma yake, kiti kikapasuka akaumia. Mahakama ikasema ile tiketi ni stakabadhi tu, haikuwa sehemu ya mkataba. 1949 tena, Olley dhidi ya Marlborough Court: tangazo lililobandikwa ndani ya chumba cha hoteli halimfungi mgeni aliyeshakubaliana na mapokezi.

Kwa hiyo muhuri hauna nguvu. Bango ukutani ndilo lenye mjadala.

#7 DukaNgamiani
Naomba upande wa kaunta nao usikike. Maneno yale hayakuwekwa kwa ajili ya kuuza bati bovu. Yamewekwa kwa mteja anayebadili rangi baada ya siku tatu kwa sababu mke hakuipenda, na kwa anayerudisha mali aliyoiharibu mwenyewe.

Hapa Tanga bati linaharibiwa sana na mnunuzi. Analiacha kwenye mkeka wa nailoni, limerundikwa, mvua ya usiku inaingia katikati, hewa haipiti. Wiki moja tu kutu nyeupe imetanda, anarudi akisema zinki ni feki. Mwingine anakata kwa grainda badala ya mkasi: moto unaunguza zinki pembeni, cheche zinaganda juu ya rangi, na kwa chumvi hii ya bahari mwezi haupiti kila cheche imekuwa doa jekundu. Je, hilo nalo duka lilipe?

Halafu duka lenyewe limenunua kwa jumla. Bando limekuja limefungwa, lebo imeandikwa 28. Hakuna anayefungua na kupima.

#8 Kifungu16
DukaNgamiani, la kutu nyeupe na grainda uko sahihi kabisa. Sharti linahusu hali ya mali ilipokabidhiwa. Kilichoharibiwa baadaye ni cha mnunuzi.

Lakini kutojua si utetezi. Frost dhidi ya Aylesbury Dairy, 1905: maziwa yalibeba vijidudu vya homa ya matumbo ambavyo muuzaji hakuwa na namna ya kuvigundua. Aliwajibika. Duka linamlipa mteja wake, kisha nalo linamgeukia wa jumla kwa kifungu kile kile cha 15, na wa jumla kiwanda. Ndiyo maana ankara ya jumla nayo iandikwe unene, neno "bati" peke yake halitoshi. Mnyororo ukikosa karatasi katikati, mzigo unamwangukia aliyesimama hapo.

Kuhusu bango: Sura ya 214 inaruhusu wahusika kuyaondoa masharti haya kwa makubaliano ya wazi, kwa mazoea ya biashara baina yao, au kwa desturi. Ila mahakama huyasoma maneno ya kujikinga kwa kuyabana. Baldry dhidi ya Marshall, 1925: muuzaji wa gari la Bugatti aliandika kwamba anaondoa kila "dhamana". Mahakama ikasema umeondoa dhamana, hukuondoa sharti kuu (lile ambalo likivunjwa mnunuzi anaweza kukataa mali), na gari halikufaa kwa safari alizozieleza mnunuzi. Sasa soma bango letu: "hairudishwi". Limesema mali hairudi. Halikusema fidia hailipwi.

#9 Kikale
Huo ni ufundi wa maneno. Mtu wa Makorora akisoma "hairudishwi" anaelewa biashara imefungwa.

#10 MwanaRaskazone
Ndiyo maana linabanwa, Kikale. Aliyeandika ndiye alikuwa na kalamu.

#11 Mlaji2003
Mnazunguka mbali. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ina sehemu nzima ya masharti yanayoingizwa kwenye mikataba ya walaji, na muuzaji hawezi kuyafuta kwa bango. Anayenunua bati la nyumba yake ya kuishi ni mlaji. Bango halina kazi, hoja imefungwa. Aende FCC, Tume ya Ushindani.

#12 Kifungu16
Haijafungwa, dada. Kama zile 60 ni za nyumba ya kuishi, nakubaliana nawe. Kama ni za mkandarasi, au za nyumba ya kupangisha inayojengwa kibiashara, ulinzi wa mlaji unaanza kuyumba na tunarudi Sura ya 214. MpimaBati hakusema ni ipi.

#13 SautiYaPangani
Kuna jambo hamjaligusa na ndilo zito. Uamuzi wa kukataa mali una mwisho wake. Mnunuzi huhesabiwa amepokea akisema amepokea, au akiifanyia mali tendo la mwenye mali, au akikaa nayo muda usio wa kawaida bila kusema neno. Kupigilia bati paani ni tendo la mwenye mali. Kwa hiyo 22 zimeshapokelewa, hazirudi, zimebaki za fidia tu. 38 ziko chini, zinaweza kukataliwa. Uingereza wameruhusu wazi kukataa sehemu ya mzigo.

#14 Kifungu16
Hapo narekebisha, na naomba wasomaji washike kalamu. Ruhusa hiyo iliingizwa Uingereza mwaka 1994. Kwetu haipo. Sura ya 214 ilinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893 na imebaki karibu kama ilivyokuja. Ndani yake imo kanuni hii: mkataba usiogawanyika, mnunuzi akishapokea mali *au sehemu yake*, uvunjaji wa sharti kuu unashuka kuwa uvunjaji wa dhamana, yaani fidia tu. Mabati 60 kwa ankara moja na bei moja yanaweza kusomwa kuwa mkataba mmoja. Yale 22 ya juu yanaweza kuyafunga yale 38 ya chini.

Kwa sababu hiyo hiyo msichukue maneno ya vitabu vipya vya Uingereza kuhusu "ubora wa kuridhisha". Hayo nayo ni ya 1994. Sisi bado tuko kwenye "ubora wa kuuzika".

#15 SautiYaPangani
Nimekubali kuhusu 1994. Ila sikubali kwamba mkataba haugawanyiki. Bei ya bati huhesabiwa kwa kila moja, ankara inasema bei ya moja mara 60. Kama ungelikuwa mzigo wa jumla kwa bei ya mkupuo, sawa.

#16 Kifungu16
Bei ya kimoja kimoja ni dalili ya mgawanyiko, peke yake haitoshi. Makabidhiano yalikuwa mangapi? Kama gari lilikwenda mara moja, mimi nasimama palepale.

#17 MpingaHoja
Naongeza kizingiti kingine. Sheria hiyo hiyo inasema mali mahususi ikishahamia umiliki wa mnunuzi, nafasi ya kukataa imepotea, inabaki fidia. Kwa mali mahususi iliyo tayari, umiliki huhama mkataba unapofungwa. Ukiisoma kwa ukali, mnunuzi wa dukani hakatai chochote kamwe.

#18 FundiPaa
Mabati 60 yaliyotolewa kwenye rundo la 400 si mali mahususi, jamani. Mnunuzi hakusema "nataka hili na hili".

#19 MpingaHoja
Kwa rundo umeshinda. Kwa friji moja iliyooneshwa kidole, hoja yangu inasimama.

#20 MamaBelo
Habari za humu. Na mitumba je? Belo limefungwa waya, lebo "mashati ya kiume, gredi A". Likikatwa linatoka nusu mapazia. Soko zima linasema belo ni bahati yako.

#21 MwanaRaskazone
Bi, tofautisha vitu viwili. Mapazia badala ya mashati ni maelezo kutolingana, kifungu cha 15, na desturi ya "bahati yako" haigeuzi pazia kuwa shati. Mashati yaliyochakaa ndani ya gredi A ni jambo la ubora, na hapo desturi ya soko ina nguvu kidogo kwa kuwa sheria yenyewe imeiruhusu desturi kuondoa sharti.

Kuna kesi ya 1919, Thornett na Fehr dhidi ya Beers: wanunuzi wa gundi walipewa nafasi ya kufungua mapipa, wakayatazama kwa nje tu kwa haraka. Walishindwa. Ila wao walikuwa na ruhusa ya kufungua. Belo huruhusiwi kulikata kabla hujalipa, kwa hiyo kesi ile haikuhusu. Kinachosaidia: kata waya mbele ya muuzaji, pima uzito, lebo usiitupe, piga picha tabaka la juu kabla hujachambua.

#22 KijiweTangamano
Na pikipiki ikikamatwa na polisi kuwa ya wizi, muuzaji anasema "mimi nami niliuziwa"?

#23 Kifungu16
Kifungu cha 14. Hapa vizingiti vyote vya hapo juu havina meno. Rowland dhidi ya Divall, 1923: gari lilitumika miezi kadhaa kabla ya kugundulika ni la wizi. Mnunuzi alirudishiwa bei yote bila kukatwa hata kwa matumizi, kwa sababu alicholipia ni umiliki na hakuupata kabisa. Pia kifungu hiki kinamhusu hata mtu binafsi. Kile cha 16 kuhusu ubora wa kuuzika kinamhusu anayefanya biashara ya mali za aina hiyo, hivyo jirani anayeuza jokofu lake moja hakimgusi.

#24 BamvuaDeepSea
Wenye majahazi nao wasomewe yao, hapa tumefungia mauzo tu. Masharti yasiyotamkwa yapo kwenye kila mkataba. Kesi mama ni ya meli Moorcock, 1889. Mwenye gati kwenye mto Thames alikubali meli ifunge ipakue. Pande zote zilijua maji yakipwa meli itakaa chini. Yakapwa, ikakalia tuta la ardhi ngumu, ikaharibika. Hakuna aliyeandika kwamba sakafu ni salama. Mahakama ikasema bila sharti hilo mkataba mzima hauna maana, hivyo mwenye gati alipaswa angalau kuchukua tahadhari ya kujua hali ya chini, au kusema kama haijui.

Chukueni hiyo mkaiweke Deep Sea, vyombo vinapofunga hapa Tanga, siku za bamvua. Anayepokea ada ya kufunga chombo mahali ambapo maji hukauka, anajua vema chombo kitakaa kwenye nini. Tena kesi hii ni ya kabla ya 22 Julai 1920, siku ambayo sheria ya Uingereza ilipokelewa Tanganyika, kwa hiyo ina uzito kuliko Arcos ya 1933, ambayo kwetu ni ya kushawishi tu.

#25 Kikale
Kwa hiyo hakimu anaandika mkataba upya kwa huruma?

#26 BamvuaDeepSea
Hapana, mgosi. Busara au huruma hazitoshi, lazima sharti liwe la lazima. Kipimo cha 1939 ni cha mpita njia: lau angewauliza pale mlipokuwa mkikubaliana, "na hili je?", wote wawili mngemkatisha, "bila shaka!" Mmoja wenu angesita tu, sharti haliingii.

#27 ViaziLushoto
Basi na lumbesa ni desturi, inaingia?

#28 Mlaji2003
Haiingii. Desturi inayopingana na sheria haina pa kukaa. Mazao yauzwe kwa mzani, na gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi hawezi kudai kile kichuguu cha juu kwa jina la mazoea. Wakala wa Vipimo ndiko kwake.

#29 KambaYaMkonge
Mambo ya 1893 yamenigusa. Sheria ya Uingereza ilitungwa mwaka ule ule Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika 1,000 ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Na mkonge ndio somo zuri la maelezo: daraja la 1 nyuzi zianzie futi 3, UG (daraja la chini) huteremka mpaka futi 2, marobota ya kilo 250. Ukiuza daraja la 1 ukachanganya UG katikati ya robota, nje safi ndani fupi, huwezi kusema mnunuzi alikagua. Bati wangefanya hivyo hivyo: milimita iandikwe, gramu za zinki kwa mita ya mraba ziandikwe, neno geji lipumzike.

#30 FundiPaa
Naunga mkono. Kwa pwani gramu za zinki ni muhimu kuliko hata unene. Na mnunuzi atamke dukani: "Nyumba iko mita mia tatu kutoka baharini, nipe linalofaa." Hapo ndipo kifungu cha 16 kinapoamka. Akitaja jina la bati la kampuni fulani na kusisitiza hilo hilo, sheria yetu inamwondolea sharti la kufaa, maana amejichagulia.

#31 MwanaRaskazone
MpimaBati, kazi ya kesho ni hii. Lile la 23 lisipande. Pima upya kama alivyoeleza FundiPaa, mashahidi wawili, tarehe na saa ziandikwe. Barua kwa duka, nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe: taja ankara, vipimo, na kwamba 38 zinakataliwa, na *kama haiwezekani* fidia inadaiwa kwa zote 60. Hulazimiki kuyabeba kuyarudisha, kuarifu kunatosha, ila yafunike vizuri yasije kupata ile kutu ya DukaNgamiani. Ubora upelekwe TBS, Shirika la Viwango. Fidia ni tofauti ya thamani: tuseme bati la 28 ni 36,000 na lililoletwa linastahili 26,000, ni 10,000 mara 60, yaani 600,000. Gharama ya fundi kutengua na kupiga upya idaiwe kando, kwa kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mahakama ya Mwanzo inabeba madai ya mkataba ya mali isiyozidi milioni 30. Ukomo ni miaka 6, lakini kwa kukataa mali usihesabu miaka, hesabu siku.

#32 Kifungu16
Yote sawa isipokuwa mpangilio. Ukiandika unakataa 38 na unabaki na 22, umekubali mwenyewe kwamba sehemu imepokelewa. Mimi ningedai fidia ya 60 moja kwa moja.

#33 SautiYaPangani
Na mimi ningekataa 38. Hakimu ndiye aseme mkataba unagawanyika au haugawanyiki.

#34 DukaNgamiani
Au mnunuzi aje na bati mbili na maikromita yake, tupime pamoja kaunta. Kama ni 0.27 kweli, 38 zibadilishwe, na bando lililobaki stoo lirudi kwa wa jumla.

#35 MpimaBati
Ni nyumba ya kuishi, Mlaji2003. Gari lilikwenda mara mbili: 30 Jumanne, 30 Alhamisi, ankara moja. 22 zilizopigwa zote ni za Jumanne.

#36 Kifungu16
Mara mbili? Hilo ungelisema kwenye bandiko la kwanza. Makabidhiano yalipangwa mawili tangu mwanzo, au gari ndilo lilikuwa dogo?